Kope Zilizovimba Asubuhi

Msikilizaji, leo tutazame macho yanayovimba. Mama wa Kirumba, Mwanza, anamwamsha mwanawe, kope zimejaa kama aliyelia usiku kucha. Mchana zimepungua, mama kesharudi kwenye dagaa zake. Hapo ndipo tunapokosea. Huenda ni mzio tu. Lakini uvimbe unaorudi kila asubuhi unaweza kuwa figo zinazovujisha protini, na kipimo cha mkojo ni cha dakika chache.

Jicho likichomoza nje, hilo ni jambo jingine. Kwa mtu mzima, mara nyingi chanzo ni tezi ya shingo. Kwa mtoto huenda ni saratani, ikiwemo ya Burkitt, inayojulikana ukanda huu wa Ziwa Victoria wenye malaria, na hutibika ikiwahiwa.

Tuwe wakweli: macho pia yameponza watu. Usukumani vikongwe wameuawa wakidhaniwa wachawi kwa macho mekundu, mekundu ya moshi wa jikoni! Kwa upande mwingine, anayekimbilia kwa mganga wa kienyeji badala ya hospitali si mjinga. Mganga yuko jirani, tena anakopesha. Kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, hadi hospitali ya Bugando jijini Mwanza ni feri, nauli, na siku mbili bila kuvua.

Je, zahanati ya kijijini kwako inapima mkojo?