Kifaa cha Kutuma Habari za Ghala: Ndani Yake Kuna Nini?

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Eldoret)

Vikundi kadhaa vimetuuliza kama inafaa kutoa pesa za kikundi kununua vile vifaa vya ghalani vinavyotuma habari za joto na unyevu kwa simu. Pesa hizo ni za jasho, kwa hivyo tukifungue kifaa kwanza tuone ndani.

Kifaa kimoja mafundi hukiita nodi. Nodi kadhaa zikipashana habari bila waya, huo ndio mtandao. Ndani ya nodi kuna kihisi, ambacho ni kama pua yake. Kuna chipu, yaani kompyuta ndogo kama ukucha. Kuna redio ya kutuma. Halafu betri, pengine na sola ndogo. Hivyo vyote unavishika kwa mkono. Kitu cha tano hakishikiki: programu, yaani maagizo yanayoiambia chipu ipime lini, itume lini, ilale lini.

Huko kulala ndiko kwenye maneno. Hebu tupige hesabu. Betri imeandikwa 2000 mAh. Redio ikila miliampia 100 bila kupumzika, betri imekwisha kwa saa 20. Programu ikiamuru redio iwake dakika moja tu kila saa, betri ile ile itafika siku 50. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Siku hupungua kidogo, maana hata nodi iliyolala hula. Lakini mmeona, vyuma ni vile vile, maagizo ndiyo tofauti.

Mfano tunao hapa Kenya. Kule Kyuso, Kitui, mwaka wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia vifaa vya namna hii ndani ya mipini ya pampu za maji. Kihisi kilifuata mpini ukipanda na kushuka, chipu ikahesabu, habari ikaenda kwa SMS. Pampu ikinyamaza, ofisi inajua. Zamani pampu iliyoharibika ilikaa kama siku 27 kabla ya kutengenezwa. Katika majaribio hayo zikawa chini ya 3. Ila kulikuwa na mafundi wa kutumwa. SMS haishiki spana!

Turudi kwa mahindi yetu. Bodi ya Nafaka hutaka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Sasa, kihisi cha bei nafuu hupima hewa ya ghala, si punje. Muuzaji akisema kinapima mahindi yenyewe, mwambieni aonyeshe kwa gunia lenu. Tena mabati huzuia redio, kwa hivyo antena itoke nje.

Kwa maoni yetu, kikundi chenye ghala moja linalofunguliwa kila siku hakina haja ya nodi bado. Tieni mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, mtikise dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Wenye maghala kadhaa yaliyo mbalimbali wanaweza kujaribu nodi moja kwa msimu mmoja. Mwulizeni muuzaji ni nani atabadilisha programu ikihitajika, na betri mpya ni pesa ngapi. Na simu itakayopokea habari iwe ya nani? Hilo mlikate kwenye mkutano kabla ya kulipa, na katibu aandike jina.