Duka Letu Katika Soko la Watu

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu wa Wajumbe, katika sherehe za kutimiza miaka kumi



Wenzangu waliotangulia kusema wamekwisha kueleza habari za maghala, za malipo ya pili, na za mikopo ya pembejeo, nami sina haja ya kuyarudia. Halmashauri imeniagiza niseme juu ya jambo moja tu, nalo ni duka letu lililomo katika soko la mtandaoni. Yafaa tulitazame leo, kwa kuwa mbele ya Mkutano huu ipo hoja ya kwamba duka letu la mjini lifungwe, na kahawa yetu yote ya pakiti iuzwe kwa njia ya mtandao peke yake. Naomba mnisikilize kwanza, kisha mwamue.

Kwa faida ya wale ambao hawajapata kuliona duka hilo, nasema hivi. Soko la mtandaoni ni mfano wa jengo moja kubwa sana lenye vyumba visivyohesabika. Mwenye jengo hauzi kahawa wala vikapu. Yeye hukodisha vyumba, na hupata sehemu yake katika kila kitu kinachouzwa. Mambo haya si mageni tena duniani. Soko la eBay lilianzishwa huko California, Marekani, mwaka 1995 na Bwana Pierre Omidyar, na mwaka 2001 likaanza kuwapa wauzaji maduka yenye majina yao. Soko la Etsy, la kazi za mikono, lilianzishwa mjini New York mwaka 2005. Desturi za masoko ya namna hiyo zimeenea, na soko tulimo sisi lafuata njia hiyo hiyo.

Sasa, kila duka lina baraza yake. Katika duka la mjini baraza ni mlango, kibao cha jina, na bidhaa zilizopangwa mbele. Katika mtandao baraza ni ukurasa: jina la Chama juu, nembo pembeni, picha za pakiti zetu, na maneno yanayoeleza kahawa imetoka mlima gani na imelimwa na nani. Mnunuzi asiyetujua hana kitu kingine cha kutujulia isipokuwa ukurasa huo. Lakini baraza hiyo, ndugu zangu, hatukuijenga sisi, wala funguo zake hatunazo.

Hili tumeliona wenyewe. Asubuhi moja karani wetu wa mauzo alifungua duka akaliona si lile alilolifunga jana yake. Jina la Chama lilikuwa limeshushwa chini, kwa herufi ndogo. Picha ya shamba ilikuwa imekatwa, vichwa vya watu havipo. Maelezo yetu yote yalikuwa yamekunjwa nyuma ya kitufe ambacho mtu asiyekitafuta hakioni. Na chini ya kahawa yetu, ndani ya ukurasa wetu wenyewe, zilikuwa zimepangwa kahawa za wauzaji wengine. Barua haikuja kabla, wala haikuja baada. Siku chache baadaye mnunuzi wetu wa siku nyingi alipiga simu kuuliza kama Chama kimeuza duka. Soko lenyewe sitalitaja, maana sikuja hapa kushitaki. Nimekuja kueleza desturi ambayo imeenea.

Tusidhani kwamba mwenye soko alisahau kutuarifu. Bwana Jared Spool, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza kurasa za mtandao kwa miaka mingi, asimulia kisa cha eBay. Kurasa zake nyingi zilikuwa na rangi ya manjano kali. Siku moja wenye soko wakaiondoa, wakaweka nyeupe usiku kwa usiku. Watu wakalalamika kwa wingi hata manjano ikarudishwa. Ndipo wakabuni njia nyingine: wakaipunguza manjano hiyo kidogo kidogo kwa muda wa miezi, hata ikawa nyeupe kabisa, wala karibu hapakuwa na mtu aliyetambua. Waweza kusema ni hekima, na kwa upande mmoja ni hekima kweli, kwa kuwa macho ya watu hayakusumbuliwa. Lakini angalieni funzo walilolipata: hawakujifunza kuuliza, bali walijifunza kutosikika. Kutotangaza si ajali. Ni namna ya kufanya kazi.

Tena yapo majaribio. Mwenye soko huonyesha baadhi ya wanunuzi sura moja ya ukurasa, na wengine sura nyingine, kisha hupima ni ipi iliyouza zaidi. Kwa hiyo yawezekana karani wetu aone duka liko sawa, na saa hiyo hiyo mnunuzi aliyeko mjini aone jingine kabisa. Kipimo chao ni mauzo ya soko zima. Jina letu likifichwa na soko zima likauza zaidi, kwao jaribio limefaulu.

Haki itendeke kwa pande zote. Masoko hayo yana sababu zao, na nyingine ni njema. Wanunuzi wengi sasa hutumia simu za mkononi, na ukurasa uliotengenezwa kwa kompyuta kubwa haukai vizuri katika kioo kidogo. Ipo pia hatari ya wezi. Mnamo Juni 2017 soko la eBay liliwazuia wauzaji kuweka ndani ya maelezo ya bidhaa programu ndogo zinazojiendesha zenyewe, kwa ajili ya usalama wa wanunuzi na wepesi wa kurasa. Jambo hilo lilitangazwa mapema, na wauzaji wakapata nafasi ya kutengeneza upya matangazo yao. Basi masoko makubwa yaweza kutangaza yanapotaka. Hatuwaombi lisilowezekana.

Huenda mtu akauliza: rangi na mpangilio vina uzito gani, maadamu kahawa ni ile ile na bei ni ile ile? Jibu limetolewa na serikali za wengine. Katika soko la Amazon wauzaji wengi huweza kuuza kitu kimoja katika ukurasa mmoja, lakini kitufe cha kununua hupewa mmoja wao. Mwezi wa Desemba 2022 Tume ya Ulaya ilipokea ahadi za Amazon kwamba itawapima wauzaji kwa usawa inapochagua wa kuwekwa mahali hapo, na kwamba itaonyesha toleo la pili iwapo lina tofauti ya kutosha katika bei au katika namna ya kufikisha mzigo. Serikali haziingii katika shauri la namna hiyo kwa sababu ya urembo. Mahali bidhaa inapowekwa ndipo riziki ilipo.

Sasa nawaomba mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mwezi wa Februari 2022 soko la Etsy lilitangaza kwamba sehemu yake katika kila mauzo itapanda kutoka asilimia 5 hadi asilimia 6.5, kuanzia tarehe 11 Aprili. Kwa kuwa siku ilijulikana, wauzaji walipata muda wa kuandikiana na kukusanya sahihi, na siku hiyo ya 11 Aprili maelfu wao wakafunga maduka yao kwa juma moja. Ushuru haukurudishwa. Lakini walisikika duniani kote, na baadhi ya mafundi wakaendelea mbele hata wakafungua soko lao la ushirika, Artisans Cooperative, mwaka 2023. Hayo yote yaliwezekana kwa sababu ya kitu kimoja: tangazo. Mabadiliko yasiyotangazwa hayana siku. Kila muuzaji huyaona peke yake, kwa wakati wake, na hudhani kosa ni lake. Kinachoondolewa pale si rangi tu. Huondolewa nafasi ya watu kukutana na kusema neno moja. Nasi wana-ushirika, bila nafasi hiyo, tuna nini?

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya walitunga sheria, namba 2019/1150, iliyoanza kutumika tarehe 12 Julai 2020. Sheria hiyo yataka mwenye soko atoe taarifa isiyopungua siku 15 kabla ya kubadili masharti yake, na yataka muuzaji atambulikane wazi katika soko. Lakini yawalinda wauzaji wenye makao huko, sisi hatumo. Tena siku hizo 15 ni za masharti ya mkataba, wala hazigusi kila badiliko la mpangilio wa ukurasa. Basi tusikae tukingoja mvua ya kwa jirani.

Sisemi kwamba kupanga chumba cha mtu ni vibaya. Waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, nyumba ilikuwa ya kupanga. Lakini walijua masharti yao, na rafu walizipanga wenyewe. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Anayeivaa na awe na nguo yake nyumbani.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba Mkutano huu ufikirie mambo matano.

Kwanza, duka letu la mjini lisifungwe. Faida yake ni ndogo, lakini mlango wake ni wetu, na hapana mtu atakayeamka akaung'oa. Duka la mtandaoni nalo liendelee. Liwe tawi, lisiwe shina.

Pili, tuwe na daftari. Kila Jumatatu karani alifungue duka kama mgeni, kwa simu isiyo ya Chama, apige picha ya ukurasa na kuandika tarehe, pamoja na hesabu ya oda za juma lililopita. Badiliko likitokea tujue lilitokea lini na lilitupunguzia kiasi gani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, jina la Chama liandikwe kwa herufi kubwa juu ya pakiti yenyewe, ili picha ya kahawa iwe na jina ndani yake. Ukurasa ukipangwa upya mara kumi, jina litakwenda na picha. Na kwa kadiri mkataba unavyoruhusu, pakiti iwe na anwani na namba ya simu ya Chama, ili mnunuzi aweze kutupata kwa njia nyingine.

Nne, tuandike barua, tena tusiandike peke yetu. Vyama vingine vyenye maduka katika soko hilo vialikwe kutia sahihi. Tuombe taarifa ya siku 15 kabla ya kubadili sura ya maduka, na tuombe jina la muuzaji lisishushwe. Duka moja likilalamika, barua hutupwa. Maduka mengi yakilalamika, hujibiwa.

Jambo la tano latuhusu sisi maofisa. Mkulima anayefika kituoni na gunia kichwani, akaambiwa siku ya kupokea kahawa imebadilishwa jana, ametendewa lile lile tunalolilalamikia. Basi kila badiliko la siku za kupokea mazao, la madaraja, au la makato, libandikwe katika ubao wa kila chama cha msingi siku 15 kabla, lisomwe pia kwa sauti, maana si wote wasomao. Hatuwezi kumdai mwenye soko adabu ambayo sisi hatumpi mwanachama.

Miaka kumi iliyopita tulikataa kupimiwa kwa mizani tusiyoruhusiwa kuitazama. Mizani ya leo ni ya kioo, nayo hubadilishwa usiku. Tuitazame hiyo nayo. Hoja sasa iko mikononi mwenu.