Mtungi Nao Ni Ala: Tusingoje Kununuliwa Vyombo

*Hotuba hii ilitolewa na mwalimu mstaafu wa muziki mbele ya vijana, wazee na vikundi vya ngoma katika kikao cha utamaduni kwenye ukumbi wa wadi. Tunaichapisha kwa ombi la wengi waliohudhuria.*

 

Mmeona nimeingia na mfuko. Ndani yake mna gudulia la udongo na chupa ya Fanta ya zamani, ile ya kioo yenye mistari. Mama mmoja pale mlangoni ameniuliza kama nimekuja kuuza maji. Nimemwambia, "Mama, leo nimekuja kupiga muziki." Amecheka, na nyinyi pia mnacheka. Haya, tucheke kwanza, kisha tusikilizane.

Mwezi uliopita vijana watatu walinijia nyumbani. Waliniambia, "Mwalimu, tunataka kuanzisha bendi, lakini hatuna vyombo. Tunangoja tununuliwe gitaa, kinanda na spika." Niliwauliza wamengoja kwa muda gani. Wakasema miaka miwili. Hotuba yangu ya leo ni jibu langu kwa vijana hao, na wako hapa.

Mji wa Louisville na mitungi ya wiski

Nitaanzia mbali, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, kwenye mji wa Louisville kando ya mto Ohio. Mji huo ulikuwa na biashara kubwa ya wiski, na wiski siku hizo iliwekwa katika mitungi ya udongo uliochomwa, yenye mkono mmoja na shingo nyembamba. Ikishanyweka, mtungi ulibaki.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Wamarekani weusi wa mji huo waliokuwa wakipiga fidla, banjo na gitaa mitaani walihitaji sauti nzito ya chini, yaani besi. Besi ya kununua ilikuwa ghali, na ni chombo kikubwa cha kubeba. Wakachukua mtungi. Bendi zao zikaitwa bendi za mitungi, na zilipiga barabarani, kwenye karamu, katika mashua za mtoni na wakati wa mbio za farasi za Kentucky Derby. Mpuliza mtungi aliyepata sifa kubwa huko alikuwa Earl McDonald. Mwaka wa 1924 bendi za Louisville zilianza kurekodiwa kwenye santuri.

Kutoka hapo muziki huo uliteremka hadi Memphis, katika jimbo la Tennessee. Huko Will Shade aliunda Memphis Jug Band, na mwaka wa 1927 wakarekodi kwa kampuni ya Victor. Mwaka uliofuata, 1928, akaja Gus Cannon na kundi lake, Cannon's Jug Stompers. Huyu bwana Cannon alikuwa na akili ya fundi. Alipiga banjo kwa mikono, na shingoni akajining'inizia chombo kwa waya ili akipulize wakati uo huo. Mtu mmoja, vyombo viwili.

Pamoja na mtungi walipiga ubao wa kufulia nguo kwa kuukwaruza na vidole vilivyovaa vikombe vya kushonea. Walipindua beseni la kufulia, wakafunga kamba moja na kijiti cha ufagio, ikawa besi nyingine. Vyombo vyote hivyo vilitoka jikoni na uani.

Mtungi hulia vipi?

Vijana, hapa sikilizeni vizuri. Wengi hudhani mtungi hupulizwa kama chupa ya soda, kwa kupitisha pumzi juu ya mdomo wake. Hiyo ni njia moja, na hutoa sauti moja tu. Mpuliza mtungi wa bendi hufanya vingine. Hubana midomo na kuitetemesha kama mpiga tarumbeta. Hushika mtungi mbele ya mdomo, bila kuugusa, kwa nafasi ya upana wa kidole au viwili, akaelekeza mtetemo huo ndani. Hewa iliyomo mtungini huitikia na kuikuza sauti.

*(Hapa mwalimu alipuliza gudulia, na ukumbi ukapiga makofi.)*

Asanteni. Ukikaza midomo, sauti hupanda, ukiilegeza, hushuka. Mpulizaji hodari hupata hata oktava mbili. Kwa hiyo mtungi si kelele za walevi kama wengine wanavyodhani. Una noti, na unahitaji sikio na mazoezi.

Walimu wenzangu wa sayansi, hapa mna somo la bure. Chukueni chupa mbili zinazolingana. Moja tieni maji nusu, nyingine iacheni tupu. Mkipuliza juu ya midomo yake, yenye maji hutoa sauti ya juu zaidi, kwa kuwa nafasi ya hewa imepungua. Sasa zigongeni kwa kijiko. Yenye maji hutoa sauti ya chini zaidi, kwa kuwa sasa kinachotetemeka ni kioo, na maji yamekitia uzito. Mtoto aliyeona jambo hili kwa macho yake hatalisahau.

Lakini tahadhari. Msichukue mtungi uliowahi kubeba dawa ya kunyunyizia mimea, mafuta au sabuni kali, hata kama umeoshwa mara kumi. Kila mtu awe na wake, tusiambukizane magonjwa. Na anayejifunza akae chini, kwa sababu kupuliza sana huleta kizunguzungu.

Chombo hiki si kigeni

Msidhani mtungi ni wa Marekani peke yake. Huko Nigeria, wanawake wa Igbo wana udu, mtungi wa udongo wenye tundu la pili ubavuni. Hawaupulizi, bali huupiga kwa viganja, nao hutoa sauti nzito inayopanda na kushuka. Huko Cuba, magudulia yaliyokuja na mafuta kutoka Uhispania yalipulizwa yakawa besi katika muziki wa son, kabla ya besi ya nyuzi kuchukua nafasi hiyo. Waliofanya hivyo wengi walikuwa wa asili ya Afrika. Na huo muziki wa Cuba ulirudi Afrika kwa santuri kuanzia miaka ya 1930, ukaingia Kongo, ukazaa rumba, na rumba ikatufikia sisi. Kwa hiyo unapocheza rumba kwenye harusi, jua kwamba zamani sana katika ukoo wa muziki huo palikuwa na mtu aliyepuliza gudulia.

Sasa turudi nyumbani. Wazee mlioko hapa, chupa hii mnaijua. *(Mwalimu aliinua chupa ya Fanta, na wazee wakashangilia.)* Naona mzee mmoja hapo mbele tayari anatikisa bega!

Katika miaka ya 1950 na 1960, mtindo wa gitaa wa omutibo ulivuma kutoka huku kwetu Magharibi. George Mukabi wa Kisa ndiye aliyeufanya ujulikane nchi nzima. Gitaa lilikuwa moja. Ngoma hazikuwepo. Kilichoshika mwendo kilikuwa chupa ya Fanta, ikikwaruzwa na kugongwa kwa msumari au kipande cha chuma. Soda ilipokwisha, chupa ikaingia kazini, kama ule mtungi wa wiski kule Louisville. Watu ambao hawakuwahi kuonana walipata jibu moja kwa shida moja.

Jina kwenye santuri

Nirudi kwa Gus Cannon, kwa sababu habari zake zina upande mwingine. Mwaka wa 1929 alirekodi wimbo unaoitwa "Walk Right In". Kisha uchumi ukaporomoka, santuri hazikununuliwa, na bendi za mitungi zikasahaulika. Cannon akaishi kwa vibarua. Mwaka wa 1963 kundi la vijana, Rooftop Singers, likaimba wimbo huo upya na ukashika nafasi ya kwanza Marekani nzima. Wakati huo mzee alikuwa anakaribia miaka 80, na inasimuliwa kwamba alikuwa ameweka banjo yake rehani ili apate pesa za makaa ya mawe ya kumpasha joto.

Lakini sauti yake ilikuwa kwenye santuri, na jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya santuri hiyo. Watu walijua pa kuanzia. Alitambuliwa kama mtunzi, na mwaka huo huo akarekodi albamu nyingine huko Memphis.

Sasa niwaambie habari ya mpiga chupa mmoja wa hapa kwetu. Alikuwa baba yangu mzazi.

Baba alikwaruza chupa nyuma ya mpiga gitaa wa kijiji jirani, kwenye harusi na matanga, kwa zaidi ya miaka 20. Mara moja walipelekwa Nairobi kurekodi. Santuri ilipotoka, jina lililoandikwa lilikuwa la mpiga gitaa tu. Baba hakulalamika. Alisema, "Chupa ni chupa." Santuri yetu ilivunjika nikiwa darasa la sita, na sijawahi kupata nyingine.

Mimi nikasomea muziki. Nikafundisha kwa miaka 31. Nilipeleka kwaya kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, nikafundisha watoto noti za kinanda kutoka vitabuni. Na kila Desemba nikienda nyumbani, baba alikuwa akichukua chupa jioni na kuwachezesha wajukuu. Alikuwa na mikwaruzo mitatu tofauti, na kila mmoja aliupa jina lake. Baba alifariki mwaka wa 2009. Simu yenye kinasa sauti ilikuwa mfukoni mwangu, nami sikuwahi kuiwasha. Leo nakumbuka majina mawili tu ya mikwaruzo ile. La tatu limenitoka, na hakuna wa kumwuliza.

Kosa hilo ni langu mwenyewe, mwalimu wa muziki. Nawaomba lisiwe lenu.

Tufanye nini?

Mnajua kwamba mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Isukha na Idakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kama isukuti, inayopigwa mbele ya umati, inahitaji kulindwa kwa haraka, je, chupa ya babu yako?

Kwanza, kila kijana mwenye simu amtafute mzee mmoja anayepiga chombo chochote: chupa, kibuyu, debe, filimbi au njuga. Mwombe ruhusa kwanza. Mrekodi akitaja jina lake, kijiji chake, aliyemfundisha, na wakati ambapo wimbo huo hupigwa. Akisema wimbo fulani si wa hadharani, uheshimu na uuache.

Pili, rekodi hizo zisiishie kwenye simu, maana simu huibwa na huharibika. Zipelekeni kwa afisa wa utamaduni. Katiba yetu ya 2010 imeweka shughuli za utamaduni chini ya kaunti. Na Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka wa 2016 inazipa serikali za kaunti jukumu la kusajili, kukusanya na kuhifadhi mambo haya. Maafisa wako hapa. Waulizeni leo kabla hawajapanda gari.

Tatu, anayetunga wimbo wake mwenyewe aurekodi au auandike, na aweke majina ya wote waliopiga, hata wa chupa. Kisha aulize Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kuhusu kuusajili.

Nne, ninyi vijana watatu wa bendi, simameni mwonekane. Nendeni kwa akina mama wafinyanzi mnunue mitungi miwili yenye shingo nyembamba. Tafuteni chupa yenye mistari. Jumamosi saa nane mchana njooni kwangu. Gitaa langu lipo, limekosa uzi mmoja tu. Sisemi serikali isiwanunulie vyombo. Iwanunulie. Lakini siku gitaa na spika zitakapofika, ziwakute tayari mnapiga.

Na mzee uliyetikisa bega hapo mbele, nimekuona ukiangalia chupa hii. Njoo, mzee wangu. Msumari huu hapa. Kijana, washa simu yako. Mzee, kabla hujaanza, tutajie jina lako kamili na la aliyekufundisha.