Nani Anashika Ufunguo wa Baraza?

Hotuba kwa makatibu wa matawi juu ya Baraza la Wawakilishi la jimbo la Texas, Marekani



Nimetakiwa nizungumze juu ya mabaraza ya kutunga sheria, jinsi yanavyopangwa na jinsi yanavyoendeshwa. Jambo hili ni pana, na mtu akitaka kulisema lote atawachosha watu bure. Kwa hivi nimechukua baraza moja tu, nalo liko mbali: Baraza la Wawakilishi la jimbo la Texas. Sikulichukua kwa kuwa ni zuri kupita mengine. Nimelichukua kwa sababu mambo yake yako wazi, na ugomvi wake tunaujua sisi pia: nani ahesabiwe, nani aseme, na nani anyamazishwe.

Kwanza ijulikane kwamba Marekani ni shirikisho la majimbo 50, na kila jimbo lina katiba yake, gavana wake na watunga sheria wake. Majimbo 49 yana mabaraza mawili, la juu na la chini. Nebraska peke yake ndiyo yenye baraza moja, tangu mwaka 1937. Huko Texas baraza la juu, yaani Seneti, lina watu 31 wanaochaguliwa kwa miaka 4. Baraza la chini lina wajumbe 150, nao hukaa miaka 2 tu kabla ya kurudi kwa wananchi. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2020, kila mjumbe wa baraza la chini husimama badala ya watu kama 194,000.

Kikao cha kawaida hufanywa mara moja kila baada ya miaka miwili, kuanzia Januari, nacho hakiwezi kupita siku 140. Mshahara wa mjumbe ni dola 600 kwa mwezi, pamoja na posho ya siku za kikao. Wenyewe husema wanataka mjumbe awe raia wa kawaida mwenye kazi yake nyumbani. Maneno mazuri hayo. Lakini mimi nauliza: ni dereva gani, au karani gani, ambaye tajiri wake atampa ruhusa ya miezi mitano aende akatunge sheria? Msistaajabu basi mkisikia kwamba wanasheria na wenye biashara zao ni wengi humo.

Sasa tuje penye kiini. Seneti husimamiwa na Naibu Gavana, ambaye huchaguliwa na wananchi wa jimbo zima. Spika wa baraza la chini ni mmoja katika wale 150, na wenzake ndio wanaomchagua siku ya kwanza ya kikao, kwa kura ya wazi, kila mtu akionekana yuko upande gani. Januari 2025 chama cha Republican kilikuwa na wajumbe 88, na chama cha Democratic 62. Katibu wa tawi angesema, “Tumeshapata wengi, kazi imekwisha.” Haikwisha. Wale 88 waligawanyika, wakasimama watu wawili wa chama kimoja kugombea kiti. Dustin Burrows akashinda kwa kura 85 kwa 55. Katika kura hizo 85, kura 49 zilitoka kwa wajumbe wa Democratic, na 36 tu kwa watu wa chama chake. Chama kidogo ndicho kilichoamua nani akalie kiti kikubwa.

Je, walipata nini? Kwa miaka mingi ilikuwa desturi ya Spika kuwapa wajumbe wa chama cha pili uenyekiti wa baadhi ya kamati. Mwezi uleule wa Januari baraza likapitisha kanuni mpya: wenyeviti wote watoke chama kikubwa, na chama cha pili kipewe umakamu. Mnaona jinsi mtu anavyoweza kumchagua mwenye nyumba, kisha akalazwa barazani.

Maana kamati ndimo sheria zinamozaliwa, na ndimo zinamozikwa. Mswada ukiletwa, Spika ndiye anayeupeleka kwenye kamati. Wenyeviti wa kamati ni yeye anayewateua. Mwenyekiti asipouweka mswada katika shughuli zake, umekufa, na hakuna kura hata moja iliyopigwa. Ukipona hapo, haujafika. Iko kamati nyingine iitwayo ya Kalenda, ambayo wajumbe wake wote huwekwa na Spika, na kazi yake ni kupanga siku ambayo mswada utaletwa mbele ya baraza zima. Kamati hii haihitaji kuukataa mswada. Inatosha isiupangie siku. Ukipita, unajadiliwa na kurekebishwa katika kusomwa mara ya pili, kisha unasomwa mara ya tatu, halafu unakwenda Seneti. Katiba inataka masomo hayo matatu yafanywe siku tatu mbalimbali, isipokuwa wanne katika kila watano wamekubali kufupisha.

Kwa kuwa siku ni chache, saa ya ukutani yenyewe ni silaha. Mei 2009 uliletwa mswada wa kumtaka mpiga kura aonyeshe kitambulisho. Wajumbe wa Democratic waliona watazuia maskini, wazee na watu wasio na hati. Hawakuwa na kura za kuushinda. Basi wakaanza kusimama, mmoja baada ya mwingine, kuzungumza juu ya miswada midogo midogo ya mitaa ambayo hakuna mtu aliyeipinga, kila mmoja akitumia dakika zake 10. Siku zikapita hivyo, na saa ya mwisho ikagonga mswada ule haujaguswa. Mwaka 2011 ulirudi, ukapita.

Juu ya kupiga kura nitasema kidogo. Kila mjumbe ana kitufe mezani, na ukutani kuna ubao wa taa: kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana, nyeupe ni nipo lakini sipigi. Iko desturi mbovu ya mjumbe kumbonyezea jirani yake aliyetoka, ijapokuwa kanuni inakataza, na anayetia shaka anaweza kudai majina yaitwe. Mwaka 2007 wananchi waliongeza katika katiba kwamba kura ya mwisho ya mswada iandikwe kwa majina, isipokuwa kwa baadhi ya miswada ya mahali pamoja tu. Hapo nawasifu.

Lakini yote haya yanategemea jambo la kwanza kabisa: mipaka ya sehemu za uchaguzi. Zamani katika majimbo mengi ya Marekani, shamba lenye watu wachache lilikuwa na mjumbe sawa na mji wenye watu wengi mara nyingi zaidi. Mwaka 1964 Mahakama Kuu ya nchi iliamua katika kesi ya Reynolds na Sims kwamba viti vya mabaraza yote mawili ya jimbo vigawanywe kwa hesabu ya watu. Hata hivyo mtu anaweza kuhesabiwa sawasawa na bado akamezwa. Huko Dallas, wilaya nzima ilikuwa sehemu moja yenye viti 18, na kila mpiga kura alipiga kura kwa viti vyote 18. Weusi walikaa katika mitaa yao, wangeweza kuchagua watu wao. Lakini wazungu wa wilaya nzima walikuwa wengi kuliko wao kwa kila kiti. Tangu miaka ile iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe, Dallas ilikuwa imepeleka wajumbe Weusi wawili tu. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ilikubali mpango huo uvunjwe, Dallas na pia wilaya ya Bexar, ambako waliomezwa ni watu wa asili ya Mexico. Wazee waliopiga kura tatu hapa Tanganyika mwaka 1958 na 1959, wakilazimishwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja, hawahitaji kuelezwa ubaya wa kumpa mtu kura nyingi ili asiwe na kura yake.

Na nani anachora mipaka? Baraza lenyewe, kwa kawaida baada ya hesabu ya watu ya kila miaka 10, nalo huchora pia sehemu za viti vya Texas katika Bunge la Washington. Ni fisi kupewa kulinda mbuzi.

Chama kidogo kimebakiwa na silaha moja. Katiba ya Texas inataka theluthi mbili ya wajumbe wawepo, yaani watu 100, ndipo shughuli ifanywe. Wakitoka 51, baraza limefungwa. Mei 2003 zaidi ya wajumbe 50 wa Democratic walivuka mpaka wakaenda Ardmore katika Oklahoma, ambako polisi wa Texas hawana amri, wakakaa hata siku ya mwisho ya mipaka mipya ikapita. Gavana akaita vikao maalumu, na kufikia Oktoba mipaka ilikuwa sheria. Julai 2021 wakaenda Washington kwa ndege kwa ajili ya sheria ya uchaguzi. Agosti akidi ikatimia, na Septemba sheria ikatiwa sahihi. Agosti 2025 wakaondoka tena, wengi wao wakaenda Illinois, kupinga mipaka iliyokusudiwa kuongeza viti 5 vya Republican Washington kama Rais Donald Trump alivyotaka. Walikaa wiki mbili. Tarehe 20 Agosti baraza likapiga kura: 88 kwa 52.

Mzee mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: wajumbe wanaotoroka kazi, kwa nini wasikatwe mshahara? Mzee wangu, walijaribu. Juni 2021, baada ya wajumbe kutoka ukumbini mwishoni mwa Mei, Gavana Greg Abbott alifuta fungu la fedha la watunga sheria wote. Lakini mshahara wa mjumbe umeandikwa katika katiba, haukuguswa. Waliotishwa kukosa mkate ni makarani na wafanyakazi wengine, ambao hawakuwa wametoroka popote. Fedha hizo zilirudishwa baadaye mwaka uleule. Mwaka 2023 baraza likaweka kanuni nyingine: faini ya dola 500 kwa kila siku asiyokuwapo mtu anayevunja akidi, nayo ni karibu mshahara wake wa mwezi mzima. Mwaka 2025 waliijua kanuni hiyo, na waliondoka.