Palipolala Msafara: Jinsi Uislamu Ulivyoingia Nyanda za Kati



Mada niliyopewa ni chanzo cha Uislamu na kuenea kwa dola zake. Ningeweza kuanzia Makka, lakini nitaanzia hapa Mkonze, Dodoma, tulipokaa, kwa swali ambalo limenikaa moyoni miaka mingi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, misafara iliyoongozwa na Waislamu wa pwani ilikatiza Ugogo, ikienda na nguo, shanga na bunduki, ikirudi na pembe za ndovu na, lazima tuseme, mateka waliofungwa minyororo. Hata hivyo Wagogo hawakusilimu kwa wingi wakati ule. Tabora, mbele kwenye njia hiyohiyo, Uislamu ulishika. Ujiji ulishika. Hata Kondoa, iliyomo katika mkoa wetu huu, Warangi walio wengi leo ni Waislamu. Imekuwaje?

Jibu la haraka ambalo nimelisikia vijiweni na madarasani ni kwamba dini ilifuata dola: pale Sultani wa Zanzibar alipokuwa na nguvu, watu walisilimu. Silikubali. Sultani Sayyid Barghash alipoweka kikosi bara mnamo 1880, alikiweka Mamboya, mashariki ya Mpwapwa. Hapa Ugogo aliyeamuru alikuwa mtemi, kwa sababu mtemi ndiye aliyekuwa na maji. Mashariki kulikuwa na nyika ya Marenga Mkali, magharibi Mgunda Mkali, na majina yenyewe yanaeleza: maji makali, shamba kali. Mpagazi aliyebeba frasila mbili za pembe, yaani zaidi ya kilo 30, hakuwa na ubishi mbele ya kisima. Msafiri Mzungu Burton alipopita 1857 alimkuta Magomba, mtemi wa Kanyenye, akitoza hongo. Stanley, Mzungu mwingine, alipopita 1871 aliikuta desturi ileile. Leo neno hongo kwetu ni rushwa. Naona Kiswahili hapo kilishika upande wa msafiri. Kwa mwenye kisima ilikuwa haki yake, ushuru wa maji na ardhi.

Sasa twende Uarabuni, maana swali letu si la Ugogo peke yake. Hijra ilikuwa 622. Mtume Muhammad (S.A.W.) alifariki 632. Kufikia 642 majeshi ya Amr ibn al-As yalikuwa yamekwisha kuitwaa Misri. Mwaka 651 mfalme wa mwisho wa Wasasani wa Uajemi, Yazdegerd wa Tatu, aliuawa. Mwaka 711 Tariq ibn Ziyad alivuka bahari kuingia Hispania. Dola ilikwenda mbio kuliko farasi. Lakini raia wa dola hiyo? Askari walikaa katika miji yao mipya, Basra na Kufa kule Iraki, Fustat kule Misri, na wakulima wakabaki na dini zao. Mwanahistoria Richard Bulliet alihesabu majina katika vitabu vya wasifu wa wanazuoni wa Iran, akitazama ni lini baba mwenye jina la Kiajemi alipata mtoto mwenye jina la Kiislamu. Hesabu yake inaonyesha kwamba nusu ya safari ya kusilimu ilifikiwa karne ya 9, karibu miaka 200 baada ya vita kwisha. Wapo hata magavana waliowatoza jizya, kodi ya wasio Waislamu, watu waliokwisha silimu, kwa kuwa hazina iliipenda kodi kuliko waumini. Khalifa Umar ibn Abd al-Aziz, aliyetawala 717 hadi 720, ndiye aliyeamuru waondolewe mzigo huo.

Pwani yetu haikungoja jeshi lolote. Kule Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti midogo ya miti, wa mwanzo ukiwa wa karne ya 8. Kizimkazi, Unguja, maandishi ya ukutani ni ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Waislamu hao wa pwani walikuwa wavuvi, mafundi na wafanyabiashara, wengi wao wenyeji, waliooana na wageni na kuzikana nao.

Kuzikana. Hapo ndipo jibu langu lilipo. Ugogo msafara ulilala usiku mmoja au mitatu, ukalipa, ukaondoka alfajiri ukikimbilia maji mengine. Kondoa kuna chemchemi kubwa isiyokauka. Mtu wa pwani aliweza kujenga, kulima, kuoa binti wa Kirangi, kupata mtoto, kumfundisha alif na be, na hatimaye kuzikwa. Tabora ilikuwa vivyo hivyo. Ndani ya msafara wenyewe, mpagazi wa Kinyamwezi aliyekula chungu kimoja na waungwana alikuta nyama hailiwi mpaka imechinjwa kisheria. Wengi walianzia hapo, kwenye chakula, kabla ya kujua sura moja.

Na waliofundisha baadaye hawakuwa mabwana wa njia. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo kutoka upande wa Kongo akiwa mtumwa mdogo. Alisoma, akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Qadiriyya, na wanafunzi wake wakairudia njia ile aliyopitishwa kwa nguvu. Alifariki 1931. Kila nikisimulia habari zake nasita kidogo. Njia iliyomdhulumu yeye ndiyo iliyobeba mafundisho yake.

Dodoma mjini ilipata Waislamu wake wa kudumu reli ilipofika, 1910: askari, mafundi wa reli, wenye maduka. Treni ilisimama, watu wakashuka, wakakaa.

Nina ombi moja kwa vijana mliomo humu. Vitabu vimehifadhi majina ya masultani, watemi na wazungu waliopita. Havikuhifadhi majina ya wanawake wa Kirangi, Kinyamwezi na Kigogo waliowakubali wageni hao na kuwalea watoto Waislamu wa kwanza wa nyanda hizi. Likizo hii nendeni Kondoa, Mpwapwa na Kilimatinde. Kaeni na bibi zenu, waulizeni nani katika ukoo alianza kusali, na mama yake aliitwa nani. Yaandikeni majina hayo.