Kielelezo ni Kimoja, Vipimo ni Vingi



Zinapokaribia sikukuu, iwe Idi au Noeli, maduka ya vitambaa ya Darajani na Mchangani hapa Unguja hujaa akina mama. Mji Mkongwe umezoeana na biashara ya nguo tangu zamani: katika karne ya 19, merikebu za Salem, jimbo la Massachusetts, zilileta kitambaa tunachokiita hadi leo merikani. Katika jimbo lilo hilo, mwaka 1863, fundi Ebenezer Butterick alianza kuuza vielelezo vya karatasi vya kukatia nguo, vyenye saizi mbalimbali. Kwa karatasi za namna hiyo, hata mama asiye fundi aweza kumshonea bintiye nyumbani gauni jeupe la Komunyo ya Kwanza.

Tuitazame karatasi hiyo. Kwanza, ina mshale mrefu ambao sharti ulale sambamba na ukingo wa kitambaa, kufuata nyuzi za mtande. Mshale huo haupindwi. Anayeupinda ili kuokoa kitambaa ataliona gauni likijisokota mwilini baada ya kufuliwa. Pili, ina mistari miwili sambamba, mahali panaporuhusiwa kuongeza au kupunguza urefu. Aliyechora kielelezo alijua tangu mwanzo kwamba si kila mwili utalingana na karatasi yake. Kwa hiyo mshonaji mwenye busara hupima kwanza kifua, kiuno na kimo cha mtoto. Hurekebisha karatasi, hukata, hupiga bandi, humjaribisha. Ndipo huketi kwenye cherehani. Kwa maana kitambaa kikishakatwa kifupi hakirefuki tena.

Ndugu wapenzi, sisi wazazi na walezi tumekabidhiwa Kielelezo kimoja, Bwana wetu Yesu Kristo. Mshale wake ni upendo na ukweli. Huo hatuna ruhusa ya kuupinda. Lakini ni mara ngapi tunashika mkasi kabla ya kupima! Mdogo twamtaka awe kama kaka yake. Aliye mzito wa hesabu twamwita mvivu, hali mikono yake ni hodari. Tunamkata mtoto ili aenee karatasi, tukidhani hayo ndiyo malezi. Neno la dharau lililotamkwa mbele ya wageni ni mkasi. Radhi twaweza kuomba, lakini kiraka hakikosi kuonekana.

Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 2, chatusimulia kwamba kila mwaka Hana alimshonea mwanawe Samweli joho dogo, akampelekea Shilo alikotumikia pamoja na kuhani Eli. Tufikiri: alipokuwa akishona, mtoto hakuwa mbele yake. Joho la mwaka uliopita halikufaa tena. Ilimpasa mama huyo akumbuke, akisie, ampime upya moyoni. Hakumdai Samweli abaki na kimo cha jana.

Basi, juma hili kila mzazi amkalishe mtoto wake karibu, amsikilize bila kumkatiza. Huko ndiko kupima. Na tunapokata, tuache upindo mpana, kwa kuwa mtoto atakua. Upindo huo ndio tumaini letu juu yake.

Mungu Mwenyezi, amjuaye kila mmoja kwa kimo chake, awabariki nyote. Amina.