Swali Lilikuwa la Nani? Kazi ya Mtafiti wa Jamii Katika Asasi za Singida



Kazi ya mtafiti mwandamizi katika asasi ya kijamii, ukiitazama kwa nje, haina miujiza. Mfadhili anatoa fedha, asasi inaandika andiko la mradi, mtafiti anatunga dodoso, wahoji wanaingia vijijini na vishikwambi, takwimu zinachakatwa, ripoti inakwenda zake. Hayo yote yamo kwenye hadidu za rejea za asasi yoyote, na sina sababu ya kuwachosha nayo. Jioni ya leo nataka tuzungumzie kinachotangulia: swali lenyewe linatoka wapi? Kwa maoni yangu, katika mkoa huu tumekuwa hodari wa kukusanya majibu ya maswali ambayo wananchi hawakuwa wakijiuliza, na yale waliyokuwa wakijiuliza usiku na mchana tukayapita mlangoni.

Nitachukua mfano mmoja na kukaa nao. Ni ukeketaji. Najua ni jambo zito kulisema mbele ya wakwe na wazazi, na naomba radhi kwa ambaye litamkwaza.

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyofanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai: kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Tangu hapo tumekuwa tukipima kama sheria inafanya kazi, na kipimo chetu kikuu ni utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu. Mwaka 1996 ulionyesha kuwa wanawake 18 katika kila 100 nchini wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 8. Hapa Singida tulikuwa asilimia 31 katika utafiti wa 2015-16, na asilimia 20 katika ule wa 2022. Kwenye semina nyingi namba hizi husomwa, watu hupiga makofi, kisha chai huletwa.

Mimi sina ugomvi na namba hizo. Zimekusanywa na watu makini. Shida ni kwamba huwa tunazitaka zituambie jambo ambalo hazikuulizwa. Utafiti ule unawahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mtoto wa kike aliyezaliwa hapa Singida, wilayani Ikungi, mwaka 2016 ataingia kwenye sampuli mwaka 2031. Kwa hiyo asilimia tunayoishangilia leo, kwa sehemu kubwa, inaeleza yaliyofanyika miaka mingi iliyopita, ilhali sisi tunaitumia kupima warsha ya mwaka jana. Na katika nchi hii umri una maana yake: utafiti wa 2015-16 ulionyesha kuwa takriban theluthi moja ya wanawake waliokeketwa walifanyiwa hivyo kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Baada ya sheria, Singida na Dodoma ndiko ilikosikika sana habari ya jambo hili kuhamia kwa wachanga, kimyakimya, ndani ya nyumba, bila ngoma wala ngariba anayejulikana kijiji kizima.

Sasa mtazame mhoji akiwa kazini. Ameketi kwenye kigoda, kishikwambi kimeegemea goti. Mbele yake yuko mama aliyembeba mtoto mgongoni. Swali la kwanza la sehemu hiyo linataka kujua kama mama amewahi kusikia habari za tohara ya wanawake. Kumuuliza hivyo mama wa Kinyaturu mwenye miaka 40 ni sawa na kumuuliza mvuvi wa Ziwa Singidani kama amewahi kusikia habari za samaki. Mama anatazama chini, anasema amesikia. Maswali yanaendelea mpaka yanawafikia mabinti zake. Hapo jibu analijua kabla swali halijaisha, kwa sababu jibu jingine lolote ni kukiri kosa la jinai mbele ya mgeni anayeandika. Ndiyo maana idadi inayotoka kwenye swali la mabinti ni ndogo mno. Na kuna jambo la tatu, ambalo binafsi ndilo linalonikera zaidi. Mara nyingi aliyeamua si mama huyo, ni bibi. Yupo hapo hapo uani anapepeta uwele, anasikia kila neno. Lakini bibi amepita miaka 49, kwa hiyo dodoso halimtambui.

Bibi alikuwa na swali lake. Alikuwa akijiuliza afanye nini na lawalawa.

Kwa wasiotoka kanda hii, lawalawa ni jina linalopewa maradhi ya sehemu za siri na njia ya mkojo yanayowapata watoto wa kike na wanawake: kuwashwa, vidonda, uchafu unaotoka, mtoto kulia akikojoa. Mwaka 2012 jarida la Reproductive Health Matters lilichapisha makala kuhusu kazi iliyofanywa kanda ya kati, na simulizi zake zinafanana na zile ambazo wazee wetu hutoa ukikaa nao. Wanasema zamani ugonjwa huu haukuwapo. Ulikuja baada ya serikali, katika miaka iliyofuatia Azimio la Arusha, kukataza mila ile kwa nguvu. Watoto wakaanza kuugua, wazee wakaona ni hasira ya mizimu, na tiba ikaeleweka kuwa ni kurudi kwenye kile kilichokatazwa. Kwa hiyo bibi anayemkeketa mjukuu wa wiki mbili haoni kwamba anamfanyia unyago wala kwamba anamtayarishia mahari. Anaona anamtibu.

Tafakarini hilo kidogo. Kwa miaka mingi asasi ziliingia vijijini na ujumbe wa haki za binadamu, na ujumbe huo ni wa kweli. Mimi mwenyewe nauamini na nimeufundisha. Lakini ulikuwa ukimjibu mtu aliyeuliza kuhusu mila, na mtu aliyekuwa mbele yetu aliuliza kuhusu ugonjwa. Ukimwambia kwamba anachofanya ni kosa la jinai, hujamwambia afanye nini usiku huu mtoto anapolia. Mhudumu wa zahanati angeweza kumwambia, kwa sababu yanayoitwa lawalawa kwa kawaida ni maambukizi na fangasi ya kawaida, yanayotibika kwa dawa na kuzuilika kwa usafi. Pale ambapo wahudumu wa afya na wakunga wa jadi waliketi pamoja wakalieleza hivyo, hoja ya tiba ilianza kukosa miguu.

Usafi unataka maji, na hapo ndipo mfano wangu unapogusa asasi nyingine kabisa. Mwaka 2009 shirika la WaterAid, lililofanya kazi miaka mingi katika mikoa ya Singida, Dodoma na Tabora, lilitoa uchambuzi wa ramani za vituo vya maji vijijini Tanzania. Ulionyesha kuwa karibu nusu ya vituo havikuwa vikifanya kazi, na kwamba robo ya vile vipya vilikuwa vimekufa miaka miwili tu baada ya kujengwa. Nauheshimu sana uchunguzi ule. Kila asasi ya maji, hiyo ikiwamo, ilikuwa imezoea kuhesabu watu waliofikiwa siku ya uzinduzi. Kuuliza kama bomba bado linatoa maji ni kuuliza swali linaloweza kukuaibisha mbele ya mfadhili wako. Ni swali la mama mwenye ndoo, aliyekwisha kulijua jibu siku nyingi.

Kwa bibi wa Ikungi, bomba lililokufa, zahanati isiyo na dawa na mtoto anayewashwa ni jambo moja. Kwetu sisi ni miradi mitatu, wafadhili watatu, maofisa ufuatiliaji watatu, na magari matatu yanayopishana vumbi kwenye barabara ile ile. Sijui ofisi iliyotenganisha hivyo kwa nia mbaya. Lakini mtafiti mwandamizi analipwa mshahara mkubwa kuliko mhoji ili aone kwamba mambo hayo ni moja, na aseme hivyo kabla andiko halijatiwa saini. Kungoja ripoti ya mwisho ni kuchelewa.

Kuna ugumu mmoja wa kimaadili ambao vijana huniuliza, na siwezi kuukwepa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Wakati huo huo, fomu ya ridhaa tunayomsomea mhojiwa inaahidi siri. Mhoji afanye nini akiambiwa kwamba yule kichanga kule ndani amekwisha kukatwa? Wapo wanaosema siri ni siri. Mimi sikubaliani nao: ahadi ambayo sheria haikuruhusu kuitimiza usiitoe. Mwambie mtu mipaka ya siri kabla hujauliza, kwa Kinyaturu au Kinyiramba kama ndicho anachokielewa, na si kwa aya ndefu ya Kiswahili cha ofisini. Kisha tunga maswali yasiyomtega. Ukimuuliza bibi jinsi watu wa kijiji wanavyotibu lawalawa, wanakwenda wapi kwanza, wanatumia nini zahanati ikiwa imefungwa, utajifunza zaidi kuliko ukimuuliza kuhusu mjukuu wake, na hujamweka yeyote mahakamani kwa hila.

Mengine nitayapitia haraka. Mtaalamu wa maendeleo ya vijijini Robert Chambers aliandika mwaka 1983 kwamba watafiti wa vijijini hupenda kiangazi na barabara nzuri, na kwetu hilo bado ni kweli. Tunakuja Julai na Agosti, alizeti na uwele vikiwa vimevunwa, tunapima njaa wakati watu wameshiba. Januari na Februari, ghala zikiwa tupu na mito imejaa, gari la mradi liko gereji mjini. Kuhusu mifugo, msishangae ng'ombe kuwa wachache kwenye dodoso. Mzee amegawa baadhi kwa marafiki wa vijiji vingine wamtunzie, na anakumbuka vizuri kwamba waliokuwa wakija kuhesabu zamani walifuatiwa na watoza kodi. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Kumbukumbu yake haikufutwa.

Na wala si kweli kwamba kutafiti sana ni kusaidia sana. Wahadzabe, ambao baadhi yao wako hapa mkoani, wilayani Mkalama, wamepimwa nguvu wanayotumia kwa siku, usingizi wao, mpaka bakteria wa matumboni mwao, na matokeo yakasomwa duniani kote. Ukikutana nao hawakuulizi habari za bakteria. Wanakuuliza habari za ardhi.

Yako mambo ya kujivunia pia, na hayakuletwa na ndege juzi. Ushirikishwaji unaotajwa sasa katika kila andiko la mradi una mizizi hapa nchini: mwaka 1975 mradi wa Jipemoyo ulianza Bagamoyo, Marja-Liisa Swantz akiwa mmoja wa viongozi wake, kwa msimamo kwamba wanakijiji ni watafiti wenza. Singida ilikuwa na dalili za hilo hata mapema zaidi. Marguerite Jellicoe, aliyekuwa katika kazi ya maendeleo ya jamii hapa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ambaye kitabu chake The Long Path kilitoka Nairobi mwaka 1978, alichapisha makala kuhusu dini ya Wanyaturu katika jarida la Transition, na majina ya Philip Puja na Jeremiah Sombi yakawekwa kama waandishi pamoja na la kwake. Ni zaidi ya miaka 50 iliyopita. Leo nafungua ripoti za asasi, nawakuta wahoji na wakalimani wa Kinyaturu kwenye ukurasa wa shukrani, kama wamekumbukwa kabisa, baada ya dereva.

Wanafunzi mnaojua lugha za mkoa huu, msikubali kuajiriwa kama midomo ya watu wengine. Mkalimani aliyemsikia bibi akisema lawalawa na kuitafsiri kwa neno maambukizi ameshafanya uchambuzi, na pengine ameharibu. Daini nafasi pale dodoso linapotungwa.

Wakurugenzi wa asasi mliomo ukumbini, ombi langu kwenu ni dogo na lina gharama. Katika kila andiko la utafiti wa msingi wekeni wiki tatu za mtafiti kukaa kijijini kabla dodoso halijaandikwa, na wekeni fedha za kurudi kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ripoti haijatumwa kwa mfadhili. Mfadhili akikata kifungu hicho, kateni idadi ya kaya katika sampuli, lakini wiki hizo tatu msiziguse. Na mzianze Februari.